Kususia Si Kununa

Hapana neno la Kiingereza linalotamkwa ovyo katika ofisi za umma na vyumba vya walimu kama kitenzi boycott. Ofisa ambaye hakuwekewa posho huacha kwenda kikaoni, kisha hujigamba mbele ya wenzake kwamba kikao hicho amekifanyia boycott. Mwalimu aliyekasirishwa na mkuu wa shule huiacha chai ya saa nne kwa siku mbili, naye hudai hilo hilo. Siku ya tatu njaa humrejesha kwenye birika, na mambo huendelea kana kwamba halikutokea neno. Watu hao wawili wamenuna tu. Kununa ni haki ya kila mwenye uso, lakini haifai kununa kuvikwa vazi la mapambano ya wanyonge.

Kosa hilo lina mzizi wake darasani. Mwanafunzi akiuliza neno hilo limetoka wapi, aghalabu hujibiwa kwa sentensi moja: limetokana na jina la Kapteni Boycott wa Ireland. Sentensi hiyo ni ya kweli, na papo hapo inapotosha. Mtoto huondoka akidhani kwamba huyo Kapteni ndiye aliyelibuni jambo lenyewe, kama vile jina la Watt lilivyopewa wati na la Volta likapewa volti. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Boycott alikuwa mtendwa. Watendaji walikuwa wakulima wapangaji, vibarua, dobi, mhunzi, mchukuzi wa barua na wenye maduka, na majina yao karibu yote yamepotea.

Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 katika Norfolk, Uingereza. Alitumikia jeshi kwa muda mfupi, akahamia Ireland, na katika miaka ya 1870 akawa anakaa Lough Mask, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe katika jimbo la Mayo, magharibi ya nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kumsimamia ardhi kabaila mmoja, Lord Erne, ambaye makazi yake yalikuwa mbali, huko Fermanagh. Yeye Boycott ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyetoza faini kwa makosa madogo madogo, na ndiye aliyepeleka amri za kuwafukuza walioshindwa kulipa. Kila aliyepata kuishi chini ya mnyapara anamfahamu mtu wa namna hiyo: mali si yake, lakini fimbo anaishika yeye.

Yafaa ikumbukwe Mayo ilikuwa nchi ya namna gani. Mkulima alilima ardhi isiyokuwa yake, katika kisiwa alichozaliwa yeye na babu zake, akamlipa kodi mtu ambaye babu yake aliipata ardhi hiyo kwa nguvu za utawala wa Kiingereza. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwaua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine wengi ng'ambo ya bahari. Ilipofika 1879 mavuno yakaharibika tena. Waliokumbuka njaa ya kwanza walikuwa bado hai. Mwezi Oktoba mwaka huo kikaundwa Chama cha Ardhi cha Ireland, Charles Stewart Parnell akiwa rais wake. Mwanzilishi wake halisi alikuwa Michael Davitt, mtoto wa mpangaji wa Mayo aliyefukuzwa na wazazi wake katika nyumba yao angali mdogo sana, na ambaye mkono wake mmoja ulikatwa na mashine ya kiwanda cha pamba huko Lancashire akiwa na umri wa miaka 11. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kitabu ili kujua maana ya unyonyaji.

Tarehe 19 Septemba 1880 Parnell aliuhutubia umati katika mji wa Ennis. Aliwauliza wakulima wamfanye nini mtu atakayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Sauti zikapazwa kutoka umatini: apigwe risasi. Parnell akawajibu kwamba iko njia bora zaidi. Mtu huyo aachwe peke yake: njiani, sokoni, dukani, hata kanisani, kama walivyokuwa wakiachwa wenye ukoma wa zamani. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Waliokuwa tayari kumwaga damu walipewa silaha nyingine ambayo polisi hawana sheria ya kuizuia, kwa kuwa hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu amsalimu jirani yake.

Siku tatu tu baadaye, tarehe 22 Septemba, mjumbe wa mahakama alifika Lough Mask na hati za kuwafukuza wapangaji wa Lord Erne. Wapangaji walikuwa wameomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Kabaila alikubali asilimia 10 tu. Wanawake ndio waliomkabili mjumbe huyo. Walimrushia matope na samadi mpaka akakimbia na hati zake. Kisha vibarua wa Boycott wakaacha kazi shambani na kwenye mazizi. Mhunzi akakataa kupiga nali farasi wake. Dobi akakataa nguo. Kijana aliyepeleka barua akaacha kupeleka. Wenye maduka ya Ballinrobe wakakataa kumwuzia. Viazi, nafaka na tanipu, ile mizizi mfano wa figili ambayo huko hulishwa mifugo, vyote vikabaki ardhini huku baridi ikikaribia, na Kapteni, mkewe na wageni wao wachache wakawa ndio wakamuaji na wachungaji.

Boycott aliandika barua ya malalamiko kwa gazeti la The Times la London, ikachapishwa mwezi Oktoba. Hapo makabaila wa visiwa vyote viwili wakashtuka. Wakachangishana fedha, na watu wapatao 50 wa chama cha Orange wakatolewa majimbo ya Cavan na Monaghan kwenda kumvunia. Serikali ikawapa ulinzi wa askari wa jeshi na polisi waliozidi elfu moja. Wavunaji hao walipoteremka kwenye gari moshi hawakupata mtu wa kuwakodisha mkokoteni, wakatembea kwa miguu mvuani hadi Ballinrobe. Mavuno yenyewe yalikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi. Gharama za kuyalinda zilikadiriwa kufika pauni 10,000. Parnell alifanya hesabu yake akasema kila tanipu moja imegharimu shilingi moja.

Hapakutokea vita. Padri John O'Malley wa parokia ya Neale alikuwa amewaonya watu wake wasiwaguse askari, wao wakatii. Inasimuliwa kwamba msafara ulipokuwa unaondoka, barabara ilikuwa tupu isipokuwa kikongwe mmoja aliyeegemea ukuta. Padri akamwendea na kumkaripia kwa mzaha: si alimkataza kulitisha jeshi la Malkia? Tarehe 27 Novemba 1880 Boycott na familia yake waliondoka Lough Mask ndani ya gari la wagonjwa la jeshi, kwa kuwa hakuna dereva raia aliyekubali kuwabeba. Alipofika Dublin, mwenye hoteli aliyempokea alipata barua ya kumwonya kwamba naye atafanyiwa vivyo hivyo.

Sasa litazamwe neno lenyewe. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, James Redpath, aliyekuwa Mayo siku hizo, ameeleza jinsi alivyokuwa akila chakula na Padri O'Malley huku akisumbuka kutafuta neno la kuliita jambo lile. Kiingereza cha wasomi kilikuwa nalo tayari, lile litokanalo na Kigiriki, la kumfukuza mtu mjini kwa kura zilizoandikwa juu ya vigae vya vyungu. Padri akasema halifai: wakulima hawatalielewa. Akafikiri kidogo, akapendekeza waseme to boycott. Basi neno hili lilikataa kwa makusudi lugha ya wenye shahada, likachagua lugha ya mwenye jembe. Walimu wanaopenda kumlisha mtoto wa darasa la sita maneno mazito ya vitabuni wangefaa kumfikiria padri yule.

Katika mwezi Novemba huo huo magazeti ya London yakawa yanalitumia. Haukupita muda Wafaransa wakasema boycotter, Wajerumani boykottieren, na Warusi nao wakalifanya lao. Wapo wanaosikitika kwamba historia imelihifadhi jina la msimamizi na kuyazika majina ya wapangaji. Masikitiko hayo hayana msingi. Mtu ambaye jina lake limevuliwa herufi kubwa, likanyambuliwa kama kitenzi chochote, likawa linatumiwa na watu wasiomjua, hakupewa heshima. Alihukumiwa kifungo kisicho na mwisho. Boycott aliishi mpaka 1897, akisimamia shamba la bwana mwingine huko Suffolk, na katika miaka hiyo yote alilisoma jina lake magazetini kama tendo walilokuwa wakitendewa watu wengine.

Upande wa Kiswahili ndio wenye mzozo zaidi. Tafsiri iliyokubalika ni kususia. Ni tafsiri nzuri ikitumiwa kwa akili, lakini mzizi wake, kususa, ni tendo la mtoto aliyenyimwa kipande cha nyama naye akausukuma ugali. Watu wazima walimtazama mtoto huyo wakatoa msemo wao: ukisusa, wenzio wala. Msemo huo ndio unaorushwa kila mara wanyonge wanapokataa jambo. Wakuu wa ofisi wanaupenda mno. Ni msemo wa kweli kabisa kwa mtu mmoja aliyenuna, ila unayeyuka pale wenzio wasipokula. Katika Mayo mhunzi alisusa, na hakutokea mhunzi wa pili wa kula. Dobi alisusa, na nguo zikabaki chafu. Tofauti yote kati ya kununa na kususia imo humo.

Zaidi ya hayo, kususia peke yake hakutoshi kubeba mzigo wa neno la Kiingereza. Kiswahili huususia mkutano, bidhaa, uchaguzi au mchezo; yaani huvisusia vitu na mambo. Mtu hutengwa. Katika vijiji vingi vya Tanzania, asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake, asiyechanga, asiyeshika jembe siku ya kuchimba kaburi, hutengwa. Hakuna anayempiga wala kumtukana. Hupita njiani salamu zikamkwepa. Akituma mtoto kuomba moto, huambiwa umezimika. Siku akifiwa yeye, hujikuta na maiti yake peke yake, naye huja kwa wazee na faini mkononi. Parnell angekifahamu kijiji hicho bila mkalimani. Tena kuna kugoma, ambako ni mtu kuuzuia mkono wake mwenyewe usifanye kazi. Huko Lough Mask vibarua waligoma, majirani walimtenga Boycott, na maduka yakamsusia biashara. Kiingereza kiliyafunga matatu hayo katika kitenzi kimoja. Mwalimu anayeandika ubaoni neno moja tu la Kiswahili amempa mwanafunzi theluthi ya maana.

Kwa hiyo wanaodai kwamba silaha hii ni mgeni, kwamba ni ya Wazungu na haina asili katika Afrika, wamedanganywa na jina. Jina ni la Mayo, lakini tendo halina kabila. Wakati wa kupinga mkataba uliompa Mwingereza mmoja biashara yote ya tumbaku ya Iran, Wairani waliweka chini buruma zao hata Shah akaufuta mkataba huo mwaka 1892, na hawakuhitaji Kapteni wa Norfolk kuwafundisha.

Hoja nyingine ni ya hatari zaidi kwa sababu huja imevaa kilemba cha huruma. Husemwa kwamba kususia kunawaumiza maskini kuliko matajiri. Hoja hiyo ilipigiwa ngoma kwa miaka mingi na wale waliokuwa wakifanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini. Ati walihofia tumbo la Mwafrika! Mwafrika mwenyewe alikwisha kulijibu. Januari 1957 kampuni ya mabasi ya Alexandra, nje ya Johannesburg, ilipandisha nauli kwa peni moja, na maelfu ya watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, kilomita zinazokaribia 30 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Bunduki zilikuwa upande wa pili. Chifu Albert Luthuli alipoziomba nchi za nje zisinunue bidhaa za nchi yake alikiri waziwazi kwamba Waafrika wataumia, akasema hiyo ni bei wanayokubali kuilipa iwapo itaifupisha siku ya kumwaga damu. Mwenye tumbo alisema. Mwuza machungwa wa London alipata wapi mamlaka ya kumsemea?

Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn mjini London, ulianzishwa umoja ulioitwa kwa neno hilo hilo la Mayo, kwa kusudi la kuwataka Waingereza wasinunue matunda, sigara na bidhaa nyingine za Afrika Kusini. Miongoni mwa waliosimama kuhutubia alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, katika nchi ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Mwaka uliofuata, baada ya makaburu kuwaua watu 69 huko Sharpeville, umoja huo ulijipanua ukawa harakati ya kupinga ubaguzi wa rangi kwa jumla, na ukaendelea kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tanzania haikubaki kwenye hotuba. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini wiki chache baada ya watoto wa Soweto kuuawa, na nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia michezo hiyo. Walker alikimbia, akapata medali ya dhahabu. Hapa wapo watakaocheka na kusema: si mnaona, alisusa Bayi, mwenzake akala? Alikula, ndiyo. Lakini mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walitia saini makubaliano ya Gleneagles ya kuvunja uhusiano wa michezo na makaburu, na New Zealand ilikuwemo. Medali ya Bayi ilitumika kununua kitu ambacho hakivaliki shingoni.

Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma bondia Muhammad Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania iisusie michezo ya Moscow. Mwalimu hakumpokea, na Tanzania ikaenda Moscow, ambako Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Nchi iliyosusia jana haikuwa imejiuza iwe inasusia kila inapopigiwa mluzi.

Jambo hilo linataka kusisitizwa, maana kitenzi hiki hakina dini. Tarehe 1 Aprili 1933 Wanazi wa Ujerumani waliwasimamisha askari wao milangoni mwa maduka ya Wayahudi, wakalitumia neno lile lile lililozaliwa kwa wapangaji wa Mayo. Dola yenye jeshi, polisi na magereza ilijifanya mnyonge mbele ya mshona viatu. Mwenye kulifundisha neno hili bila kuuliza nani anamsusia nani, na kila mmoja ameshika nini mkononi, hajafundisha kitu.

Ofisa aliyenyimwa posho naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo. Alikubaliana na nani kabla ya kutokwenda kikaoni? Dai lake lilikuwa nini, na nani aliambiwa? Alikuwa tayari kupoteza nini? Iwapo majibu yote matatu yanaishia kwenye bahasha, basi arudi kikaoni, maana huko kuna kazi ya wananchi inayomngoja.

Neno lenyewe lilikuja kurudi kwao. Tarehe 19 Julai 1984, katika duka kubwa mjini Dublin, msichana wa miaka 21 aliyekuwa akipokea fedha kaunta, Mary Manning, alikataa kumtoza mteja bei ya mabalungi yaliyotoka Afrika Kusini. Chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimeagiza wanachama wasizishughulikie bidhaa hizo. Alisimamishwa kazi, na wenzake kumi hivi wakatoka naye wakasimama mlangoni. Walisimama kwa zaidi ya miaka miwili, wakiishi kwa pauni 21 kwa wiki kutoka mfuko wa chama, huku wateja wengi katika miezi ya kwanza wakiwapita na kuingia kununua. Wengine waliwatukana. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini kuingia nchini, na mabalungi yale yakaondolewa kwenye rafu.